Nta juu ya Tunda: Ni Nini, na Yatoka Wapi?

Mama mmoja wa darsa yetu ya Alkhamisi alinijia na tufaha mkononi. Alilikwaruza kwa ukucha mbele yangu, na chini ya ukucha pakabaki unga mweupe mfano wa mshumaa. "Sheikh," akauliza, "hiki ndicho ninachowalisha wanangu. Je, ni halali?" Nilimwomba muda nisome, kwani kuhukumu juu ya kitu usichokijua ni kumdhulumu mwenye kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tunda likishachumwa halifi papo hapo. Huendelea kuvuta hewa na kuitoa, na maji yake hutoka kidogo kidogo mpaka ganda likanyauka. Mwenyezi Mungu amelivisha tufaha, na embe vilevile, utando mwembamba wa nta tangu mtini. Lioshwapo na kusuguliwa kabla ya kufungwa, sehemu ya nta hiyo huondoka, ndipo wafanyabiashara wakalivisha nyingine. Jambo lenyewe si geni: Wachina walipaka nta machungwa na malimau tangu karne ya 12. Utando huo huzuia maji yasitoke upesi, na hupunguza hewa iingiayo, tunda likakawia kuiva. Katika jokofu, ambamo tunda lisilofunikwa hukauka haraka, faida yake huonekana zaidi.

Hata hivyo, khofu ya mama yule ilikuwa mahali pake, kwa sababu neno "asili" huficha mengi. Nta ya nyuki, iandikwayo E901, ni ya asili. Karnauba, E903, ni nta itokayo kwenye majani ya aina ya mtende wa Brazil. Hizi mbili hazina neno. Lakini sheleki, E904, ambayo mafundi seremala waliipaka samani ili zing'ae, nayo ni ya asili: ni utomvu utolewao na kidudu kidogo kinachoishi juu ya miti huko India na Thailand. Ziko pia tando za mafuta, E471, ambayo huweza kutoka kwenye mimea au kwenye shahamu ya mnyama, na mnyama huyo aweza kuwa nguruwe. Na iko kaitosani, itengenezwayo kwa maganda ya kamba na kaa. Kamba hana tatizo kwetu sisi Mashafi; ama kaa, wanavyuoni wetu wana maneno marefu.

Juu ya sheleki, wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Wapo walioiruhusu wakiipima na asali, kwamba kitokacho kwa mdudu si mdudu mwenyewe. Wapo waliojizuia, wakichelea vipande vya mdudu kubaki ndani yake. Mimi naelemea kwa wa mwanzo, na mwenye kujiepusha simlaumu. E471 ndiyo ya kuulizwa zaidi: ikiwa muuzaji hawezi kusema imetokana na nini, matunda mengine yapo.

Nisieleweke kuwa napinga elimu hii. Msimu wa embe ukifika, nani kati yetu hajaona ngowe na boribo zikioza kwa matenga sokoni, na mama aliyezinunua kwa mkopo amekaa kando yake? Israfu imekatazwa katika Suratul A'raf, aya ya 31, na chochote cha halali kiokoacho riziki ile ni kheri. Gundi ya Kiarabu, iliyotumika katika wino wa khati tangu kale, hutoka kwenye mti wa kikwata, unaoota Sudan na hata kaskazini mwa Kenya yetu. Mwaka 2011 watafiti wa Malaysia walieleza jinsi walivyopaka ndizi mchanganyiko wa gundi hiyo asilimia 10 na kaitosani asilimia 1, wakaziweka katika baridi ya nyuzi 13 kwa siku 28, kisha siku 5 nje, nazo zikafaa kuliwa.

Angalieni hiyo nyuzi 13. Majokofu yetu ya nyumbani huwa karibu na nyuzi 4, na embe bichi likitiwa humo hupata madoa meusi na halitaiva vizuri tena, lipakwe lisipakwe. Liache liive nje kwanza, ndipo ulitie. Na asijaribu mtu kuyapaka matunda nta nzito jikoni: tunda likikosa hewa kabisa huchacha ndani kwa ndani, likanuka ulevi.

Nilimweleza mama yule yote haya, naye akaenda kumwuliza mwenye duka. Jioni alinitumia picha ya ubavu wa katoni, ikiwa na maandishi madogo: E903. Nikamjibu: "Mtende wa Brazil. Loshe, mle."