Mtindi Uliozidi Usimwagwe

Huku Ngara na Biharamulo mwenye ng'ombe akitaka samli husukasuka maziwa yaliyoganda katika kibuyu, akaondoa siagi. Kinachobaki ndicho mtindi. Watu hunywa, na ukizidi pengine humwagwa. Yafaa tueleze hasara yake.

Siagi karibu yote ni mafuta. Protini na chokaa, vijengavyo nyama na mifupa, husalia katika mtindi. Lita 1 ina gramu 30 hivi za protini. Mihogo na ndizi zina upungufu wa kitu hicho hicho, na protini ya mahindi ni hafifu. Ndiyo sababu nguruwe aliyelishwa maganda na pumba tu hukawia kukua, na kuku hutaga kwa nadra. Katika karne ya 19 wakulima wa Denmark walipata faida mbili: siagi waliiuza Uingereza, maziwa yaliyobaki wakawapa nguruwe, na nyama ya nguruwe nayo wakaiuza huko huko.

Lakini watoto kwanza. Ng'ombe wetu wa pembe ndefu hawana maziwa mengi, na katika sehemu nyingi za Biharamulo mbung'o waliwazuia watu kufuga ng'ombe. Ampaye nguruwe mtindi hali mtoto wake amekonda hakuielewa habari hii.

Tena, kifua kikuu cha ng'ombe huwapata watu na nguruwe kwa maziwa mabichi. Denmark ilitunga sheria mwaka 1898 kwamba maziwa yanayorudi kwa wafugaji kutoka viwanda vya siagi yapashwe moto kwanza. Basi nasi tuyachemshe maziwa kabla ya kuyagandisha. Yakiisha kupoa, tutie mtindi kidogo wa jana ili yagande.

Mtindi ni maji sehemu tisa katika kumi, hivyo peke yake hautoshi. Kwa nguruwe anayekua, changanya lita 2 au 3 na kilo 1 ya pumba. Ambaye dini yake yamkataza nguruwe, awape kuku, na maji safi yawe karibu nao. Vitamini A huondoka na siagi, kwa hiyo wanyama waongezewe mchicha au majani ya viazi. Usiweke mtindi katika ndoo ya bati, maana ukali wake huila zinki, ikaingia chakulani. Chungu au kihori cha mti ni bora, nacho kioshwe kila siku kabla inzi hawajakizoea.