MZIGO USIOGAWANYIKA
Jinsi mashine kubwa zinavyosafirishwa juu ya trela wazi

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu asimamaye kando ya barabara pale Kola, kusini ya mji wa Machakos, akaona lori likipanda kilima polepole na mashine kubwa ya chuma juu ya trela lisilo na ubavu wala paa, huenda akadhani kwamba kazi yote ni ya injini, na kwamba dereva hana la kufanya ila kukanyaga mafuta. Lakini sivyo. Nguvu ya injini ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ni hesabu, minyororo, subira, na adabu ya watu wengine watumiao barabara. Palipokosekana moja katika hayo, mali imepotea, madaraja yamevunjika, na watu wamekufa.

Yafaa basi ieleweke jinsi kazi hiyo ifanywavyo, kwani katika nchi kavu kama Ukambani mashine za kuchimba mabwawa, visima na barabara zinahitajiwa sana, na kila moja sharti ifike kwa njia ya barabara.

MIZIGO YA ZAMANI

Zamani za misafara, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 30. Kitu kizito kuliko hicho kiligawanywa, ama kiliachwa. Hata meli iligawanywa. Meli iitwayo William Mackinnon ilitengenezwa Scotland katika miaka ya 1890, ikaletwa Mombasa ikiwa vipande vipande, na vipande vingi vikachukuliwa na wapagazi kwenda bara. Mwishowe viliunganishwa tena, na meli hiyo ikaingia majini katika Ziwa Victoria mwaka 1900. Njia ya misafara ya wakati huo ilipita Machakos, na wazee wa nchi hii waliwaona wapagazi hao wakipita.

Siku hizi mashine nyingi haziwezi kufunguliwa vipande bila hasara kubwa. Mzigo wa namna hiyo huitwa mzigo usiogawanyika. Hata hivyo, jambo moja halikubadilika tangu siku za wapagazi. Ikiwa mzigo wenyewe hauwezi kugawanywa, uzito wake lazima ugawanywe. Zamani uligawanywa juu ya vichwa vya watu. Leo hugawanywa juu ya magurudumu. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii.

KWA NINI TRELA LIWE WAZI

Trela wazi ni jukwaa la chuma lenye magurudumu chini yake. Kwa kuwa halina kuta, mzigo mpana unaweza kukaa juu yake ijapokuwa umezidi upana wa trela, na mashine yenye minyororo ya chuma badala ya magurudumu inaweza kupanda yenyewe kutoka nyuma.

Ziko namna mbili zijulikanazo zaidi. Ya kwanza ni trela bapa, ambalo jukwaa lake liko juu ya magurudumu, kiasi cha mita 1 na nusu kutoka chini. Hilo lafaa kwa vyuma vya kujengea, mabomba na mbao. Ya pili ni trela la jukwaa la chini, ambalo madereva huliita lobedi. Jukwaa lake huinama baada ya shingo ya mbele, na mara nyingi halifiki mita 1 kutoka chini.

Tuseme mashine ya kuchimbia ina kimo cha mita 3. Ikipandishwa juu ya trela bapa, kimo chote kitakuwa mita 4 na nusu, na nyaya za umeme zinazovuka barabara sokoni zitakuwa hatarini. Juu ya lobedi kimo hicho hakifiki mita 4. Tena mzigo ulio chini haupinduki upesi katika kona. Lakini lobedi nalo lina udhaifu wake: tumbo lake liko karibu na ardhi, na laweza kukwama juu ya tuta la barabarani. Ndiyo sababu dereva mwenye busara huikagua njia kabla ya siku ya safari.

HESABU YA EKSELI

Ekseli ni chuma kinachoshika magurudumu ya kushoto na ya kulia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari imeweka mpaka kwa kila ekseli. Ekseli ya usukani isizidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Ekseli mbili zilizo pamoja zisizidi tani 18, na tatu zilizo pamoja zisizidi tani 24. Gari zima, hata likiwa na ekseli saba, lisizidi tani 56.

Tuchukue mfano. Wakulima wa Kola wamekodi mashine ya kuchimba bwawa, na uzito wake ni tani 20. Mtu mmoja anawashauri waipakie juu ya lori la kawaida lenye ekseli mbili, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Lori hilo limeruhusiwa tani 8 mbele na 10 nyuma, jumla tani 18, pamoja na uzito wa lori lenyewe. Mashine peke yake imekwisha kuzidi mpaka huo kabla lori halijahesabiwa.

Sasa tuchukue lobedi lenye ekseli tatu, likivutwa na lori lenye ekseli tatu. Lori lina kiasi cha tani 9, trela tani 12, na mashine tani 20. Jumla ni tani 41. Ekseli hizo sita zimeruhusiwa 8 na 18 na 24, yaani tani 50. Basi mzigo ule ule ulioshinda lori dogo unachukuliwa hapa kwa halali, bila kupunguzwa hata kilo moja.

Huenda mtu akauliza, je, kuzidisha kidogo kuna dhara gani? Katika miaka ya 1958 hadi 1960, katika jimbo la Illinois huko Marekani, askari waliendesha malori kwa muda wa miaka miwili juu ya barabara zilizojengwa kwa majaribio. Ikaonekana kwamba madhara ya barabara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali huongezeka upesi mno. Uzito wa ekseli ukiwa maradufu, lami huumia kiasi cha mara 16. Gari moja lililozidishwa laweza kuila barabara kuliko magari mengi yaliyopakiwa kwa haki.

Kwa sababu hiyo magari hupimwa. Katika Kaunti ya Machakos mizani kubwa iko Mlolongo, na yasemekana kwamba mji huo ulipata jina lake kutokana na safu ndefu ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa. Mzigo usiogawanyika unaozidi vipimo vya kawaida huhitaji kibali maalum cha Mamlaka ya Barabara Kuu, ili njia na madaraja yachunguzwe kwanza.

KUPAKIA NA KUFUNGA

Mashine hupakiwa mahali palipo sawa na pagumu. Mtu mmoja tu humwongoza dereva kwa ishara za mikono, naye husimama mbali. Mashine ikikaa mbele mno, magurudumu ya lori huelemewa; ikikaa nyuma mno, lori huwa jepesi mbele na magurudumu yake huteleza katika mlima.

Baada ya hapo mkono wa mashine hukunjwa na kulazwa, injini huzimwa, na breki hufungwa. Kisha huja minyororo. Watu wengi hudhani kwamba kitu kizito hakihitaji kufungwa kwa kuwa uzito wake unakishika. Hilo ni kosa linaloua. Gari linaposimama ghafula, mzigo hutaka kuendelea na safari, na kilicho mbele yake ni chumba cha dereva. Kanuni ifuatwayo katika nchi za Ulaya yataka vifungo viweze kuzuia mbele nguvu ya sehemu 8 katika 10 za uzito wa mzigo, na sehemu 5 katika 10 kwa ubavuni na nyuma. Maana yake, mashine ya tani 20 yataka vifungo vya kuzuia nguvu ya tani 16 upande wa mbele. Kamba ya katani haifai hata kidogo. Tena baada ya kilomita chache dereva husimama na kukaza minyororo upya, kwa maana mtikisiko wa njia huilegeza.

MITEREMKO NA KONA

Nchi ya Kola ni ya vilima. Kupanda ni kazi ya injini, lakini kushuka ndiko kunakomjaribu dereva. Akitegemea breki peke yake, breki hupata moto na kupoteza nguvu, na gari la tani 40 haliwezi kusimamishwa na kitu kingine. Kwa hiyo hubadili gia ndogo akiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe izuie mwendo.

Katika kona, magurudumu ya nyuma ya trela refu hayafuati njia ya yale ya mbele, hukata ndani. Mtu asimamaye upande wa ndani wa kona hujiona yuko salama kwa kuwa lori limempita, na kumbe trela bado linamjia.

SAFARI ILIYO KUBWA

Mfano mkubwa ulionekana Kenya kabla ya mwaka 2017 kufika nusu yake. Mitambo 365 ya kufua umeme kwa nguvu ya upepo ilipelekwa kutoka bandari ya Mombasa mpaka karibu na Ziwa Turkana, safari ya kiasi cha kilomita 1,200. Kila panga la mtambo lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 25, kipande kimoja kisichokatwa. Ililazimu barabara ya zaidi ya kilomita 200, kutoka Laisamis, itengenezwe upya kwanza. Hivyo hata kampuni kubwa zenye mashine za kila namna hazikuishinda barabara kwa nguvu, ziliiandaa.

WAJIBU WA KILA MTU

Wanaokodi mashine na waulize mambo matatu kabla ya kulipa. Je, trela lina ekseli ngapi? Je, mzigo utafungwa kwa nini? Je, kibali kipo, ikiwa kinahitajiwa? Bei nafuu isiyo na majibu hayo si nafuu.

Wenye magari wasilipite gari la mzigo mpana mpaka waone njia mbele yao. Wazazi na wawakataze watoto kukimbilia trela au kuning'inia nyuma yake. Na lipitapo sokoni, watu wasogee mbali na barabara, hasa upande wa ndani wa kona. Bwawa likichimbwa litawanywesha watu na ng'ombe kwa miaka mingi. Kungoja robo saa ili mashine ifike salama si hasara.