Fedha ya Kaunta na Mwenye Kuigawa

Kuanzia mwaka 2008, mteja aliyelipia bidhaa katika maduka ya Waitrose nchini Uingereza alipewa, pamoja na risiti, kibao cha plastiki cha kijani chenye ukubwa wa sarafu. Karibu na mlango palikuwa na sanduku lenye vyumba vitatu, kila kimoja na jina la kikundi cha eneo lile: kituo cha wazee, tuseme, timu ya watoto, makao ya mbwa waliotelekezwa. Mteja alitumbukiza kibao alikopenda, akaenda zake. Mwisho wa mwezi tawi liligawa pauni 1,000 kwa vikundi vyote vitatu kulingana na wingi wa vibao vya kila kimoja. Mteja hakutoa hata senti. Fedha ilikuwa ya duka, yeye alipiga kura tu.

Mpango wa namna hii ukiusoma ofisini huoni kasoro. Hauna fomu kwa mteja, na kila anayepita anajua fedha inakwenda mtaa gani. Dukani mambo yana sura nyingine. Kura hupigwa kwa sekunde chache, na mtu aliyeshika mifuko mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Watoto na mbwa hawahitaji kuombewa kura. Kikundi kinachowasaidia waliotoka jela, au waraibu wa pombe, kinahitaji maelezo, na juu ya sanduku hakuna nafasi ya maelezo. Ndiyo maana kile kipengele cha kugawa kwa uwiano kilikuwa na uzito: aliyeshindwa kwa vibao hakuondoka mikono mitupu. Lau mshindi angechukua zote, sanduku lingegeuka shindano la sura za kupendeza.

Maduka ya Tesco, nayo ya Uingereza, yalipitia njia nyingine. Oktoba 2015 England ilianza kutoza peni 5 kwa kila mfuko wa plastiki wa kutumia mara moja katika maduka ya kampuni kubwa. Sheria haikuyalazimisha maduka kuitoa fedha hiyo kwa hisani. Serikali ilitarajia tu kwamba yatafanya hivyo, na ikayataka yatoe taarifa. Tesco ikaanzisha mfuko wa Bags of Help, ukisimamiwa na shirika la Groundwork, nao wateja wakachagua washindi kwa vibao vya buluu. Katika awamu ya kwanza ruzuku ilifika pauni 12,000, kiasi cha kutengeneza uwanja wa michezo au bustani ya mtaa.

Lakini chanzo cha fedha kilikuwa tabia ambayo sheria yenyewe ilikusudia kuikomesha. Mwaka 2014 maduka saba makuu yalitoa mifuko bilioni 7.6, na kufikia 2021 serikali ilitangaza kuwa mauzo ya mifuko hiyo katika maduka makubwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Kadiri mazingira yalivyonufaika, ndivyo kisima cha ruzuku kilivyokauka. Mpango uliendelea kwa jina jipya, na baadaye ruzuku kubwa kabisa ikawa pauni 1,500.

Njia ya tatu humgusa mteja moja kwa moja: mashine ya kadi inamwuliza kama angependa bei yake ikamilishwe hadi pauni au dola nzima. Uingereza, taasisi ya Pennies ilianza kazi hiyo mwaka 2010. Marekani, kampeni 77 za michango ya kaunta zilizovuka dola milioni moja kila moja zilikusanya jumla ya zaidi ya dola milioni 749 mwaka 2022. Pamoja na fedha hizo ukavuma uvumi kwamba maduka hutumia michango ya wateja kujipunguzia kodi. Sivyo. Duka linalokusanya tu haliwezi kuihesabu fedha hiyo kama mchango wake. Mwenye haki ya kuidai nafuu ni aliyetoa, akiwa na risiti.

Suala zito ni nani anayechagua mpokeaji. Katika minyororo mikubwa ya maduka uamuzi mara nyingi hufanywa makao makuu, na makao makuu hupenda jina linalojulikana nchi nzima. Jiko la chakula la mtaa wa pili halifikiwi. Maduka ya ushirika ya Marekani yamejaribu kulirekebisha hilo: mengi huchagua kikundi kimoja cha karibu kwa kila mwezi, mara nyingi kwa kura za wanachama wenyewe. Hapo uteuzi ni wa haki zaidi, ila mwezi ukiisha kikundi kinarudi nyuma ya foleni. Fedha ya namna hiyo hununua jokofu, mbegu au jezi. Haiwezi kumlipa mtu mshahara, na kazi nyingi za kijamii ni kazi za watu.

Afrika Kusini ina mfano unaolijibu tatizo hilo. Kadi ya MySchool, iliyoanza 1997, humruhusu mteja kutaja mapema shule au taasisi anazotaka kuzisaidia. Kila anaponunua kwenye maduka yaliyojiunga, likiwemo Woolworths, duka hutoa sehemu ya mauzo yake, na bei ya mteja haiongezeki. Uchaguzi unafanywa nyumbani kwa utulivu, na mpokeaji anabaki yuleyule mwezi baada ya mwezi.

Kwetu Afrika Mashariki, njia ya mifuko ilishafungwa: Rwanda iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Chenji nayo mara nyingi hurudi kama peremende, na anayelipa kwa simu hulipa bei kamili bila kubakiza kitu. Atakayeleta mpango huu hapa hatakosa watoaji. Watu waliozoea michango ya harusi na misiba hawafundishwi kutoa. Kazi ngumu itakuwa kuamua, kabla ya kuweka sanduku, fedha ni ya nani, nani ataigawa na mpokeaji ataitegemea kwa muda gani. Ripoti ya mwaka itataja jumla iliyokusanywa. Mimi ningeomba ukurasa mmoja zaidi, ulioandikwa na kikundi chenyewe, unaoeleza kimeweza kupanga nini kwa mwaka unaofuata kwa sababu ya fedha hiyo. Ukurasa huo ukibaki mtupu, jumla kubwa haitautetea mpango.