Kupima Kisichoonekana



Sote twaijua mizani ya karafuu, na twajua jinsi kilo moja iwezavyo kuzusha maneno kituoni. Leo nakuelezeni mizani ya namna nyingine, ambayo kwayo hata pumzi ya mpimaji yatosha kuiyumbisha.

Mwenye kusifika kwa kazi hiyo ni Fritz Pregl, aliyezaliwa Ljubljana mwaka 1869, akasomea udaktari, akafundisha Innsbruck na Graz katika Austria. Kiasi cha mwaka 1910 alikuwa akichunguza vitu vitokavyo katika nyongo, akapata kidogo mno. Wakemia wa siku zile walihitaji kama sehemu ya tano ya gramu kwa jaribio moja. Ilimpasa ama achemshe nyongo tele, ama ajifunze kupima kidogo. Akachagua la pili. Alikichoma kile kitu ndani ya kibomba cha kioo chenye oksijeni, akanasa maji na hewa ya ukaa iliyotoka, kisha akavipima kwa mizani ya Kuhlmann wa Hamburg, yenye kuonyesha sehemu ya elfu ya miligramu. Miligramu 3 hadi 5 zikamtosha. Na punje moja ya mchele ni miligramu 20 hivi. Mwaka 1923 alipewa Tuzo ya Nobel.

Waliokuja baadaye walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1957 Mwingereza James Lovelock alibuni chombo chenye uwezo wa ajabu wa kugundua dawa za wadudu kama DDT. Hapo ndipo habari hii inapoingia ghalani mwetu.

Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005, dawa ya wadudu isiyowekewa kiwango maalumu kwa zao fulani haitakiwi kuzidi miligramu 0.01 katika kilo. Pigeni hesabu: gunia la kilo 50, nusu miligramu! Yaani punje ya mchele ikatwe vipande arubaini, na kipande kimoja kienee gunia zima. Jicho halikioni, na pua imeshajaa harufu ya karafuu, lakini maabara yakiona.

Basi gunia lililowahi kutiwa dawa lisitiwe karafuu, hata likifuliwa. Majamvi yasitandikwe karibu na mahali panapopigwa dawa ya mboga, wala bomba la dawa lisilale ghala moja na karafuu. Wako wasemao kwamba kidogo hakidhuru. Mnunuzi haulizi kama chadhuru. Auliza ni kiasi gani, na sampuli yake huchotwa katika magunia mengi ikachanganywa, la kwako na la jirani yako pamoja.