Kibarua Mwenye Digrii ya Udaktari

Mfanyakazi wa shamba la chai au la miwa aliyejinyima mpaka mtoto wake akafika Chuo Kikuu hudhani mzigo wake umekwisha siku mtoto anapovaa joho. Mtoto hupata digrii ya kwanza, kisha ya pili, kisha ile ya udaktari. Twasema udaktari wa elimu, si ule wa sindano na vidonge. Hapo mzazi hutazamia kuona mwanawe ameajiriwa kazi ya kudumu. Badala yake husikia kwamba mtoto anaomba nafasi ya utafiti ya miaka miwili huko Ulaya au Marekani, na kwamba ikiisha huenda akaomba nyingine tena. Majirani huuliza: Je, masomo hayo hayana mwisho?

Yafaa ieleweke kwamba hayo si masomo tena. Ni kazi. Mtu huyo amekwisha hitimu, na anatafuta mwajiri wa kumlipa ili afanye uchunguzi wa magonjwa, wa mbegu, wa lugha au wa historia. Mshahara wake hutoka katika fedha za mradi, na fedha za mradi zina tarehe ya mwisho. Zikiisha fedha, kazi nayo imekwisha, hata kama mtu amefanya vizuri namna gani. Mchumaji chai wa msimu hana haja ya kuelezwa zaidi.

MAOMBI YENYEWE

Njia za kuingia ni mbili. Ya kwanza, profesa amepata fedha za mradi na anatafuta mtu wa kufanya kazi ndani yake. Hutangaza nafasi, nawe huandika barua kama mwombaji wa kazi nyingine yoyote. Ya pili ni kuomba fedha kwa jina lako mwenyewe, kwa utafiti ulioubuni wewe. Hii ya pili ina heshima kubwa na taabu kubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa mfuko mmoja unaojulikana sana, ule wa Umoja wa Ulaya wenye jina la Marie Skłodowska-Curie. (Mama huyo alizaliwa Warsaw mwaka 1867, na katika ujana wake alifanya kazi ya kufundisha watoto nyumbani kwa matajiri ili kumsomesha dada yake Paris. Kwa hiyo jina hilo halikutoka mbali na wanyonge.) Mfuko huu hupokea maombi kutoka kwa watu wa nchi yoyote kwa nafasi zilizo Ulaya, pamoja na Waganda, Wakenya na Wakongo. Lakini masharti yapo. Mwombaji awe amepata digrii ya udaktari kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi, na asiwe amepitisha zaidi ya miaka 8 ya utafiti tangu aipate. Tena asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayotaka kwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia siku hiyo. Sharti hili la mwisho huwaangusha wengi ambao hawakulisoma. Aliyetoka kumaliza udaktari wake Ubelgiji baada ya kukaa huko miaka minne mfululizo hawezi kuomba nafasi ya Ubelgiji. Yampasa atazame Ureno, Poland au kwingineko.

Mwombaji haombi peke yake. Hapana budi kwanza ampate profesa na chuo cha kumpokea, na chuo hicho ndicho kitakachokuwa mwajiri. Kumpata profesa huyo ni kazi ya miezi. Barua ya kueleza tu kwamba "mimi ni kijana mwenye bidii" hutupwa kapuni. Profesa anataka kuona kwamba umesoma kazi zake, na kwamba una swali ambalo chumba chake cha uchunguzi kinaweza kulijibu. Kisha huandikwa mpango wa utafiti usiozidi kurasa 10: utafanya nini, kwa nini, kwa njia gani, mwezi gani utakuwa umefika wapi. Wapimaji hutoa alama 50 katika 100 kwa ubora wa utafiti, 30 kwa faida itakayopatikana, na 20 kwa mpango wa utekelezaji. Mwenye alama chini ya 70 hafikiriwi kabisa, na mwenye 85 pia anaweza kukosa.

Tazama hesabu. Mwaka 2024 yaliletwa maombi 10,360, na waliopata walikuwa 1,696, yaani kama mmoja katika sita. Mwaka uliofuata maombi yakapanda mpaka 17,058. Kurasa zile 10 huandikwa bila malipo, usiku, baada ya kazi, na watano katika sita wa mwaka 2024 hawakuambulia kitu. Kwa maoni yetu hii ni saa nyingi mno za kazi kupotea bure, na hakuna kiwanda ambacho wafanyakazi wangekubali mtindo huo. Lakini ndivyo ulivyo, na anayekosa asidhani kwamba ni mjinga.

MSHAHARA NA MAKATO

Mfanyakazi anayesoma karatasi yake ya mshahara kila mwezi atalielewa jambo hili haraka. Katika mwaka huo wa 2024 mfuko tuliotaja ulitenga Yuro 5,080 kwa mwezi kwa kila mtafiti, zikipandishwa au kupunguzwa kufuatana na gharama za maisha za nchi husika. Kijana akisikia hivyo huanza kujenga nyumba kichwani. Asijenge bado. Fedha hizo ni gharama yote ya mwajiri. Ndani yake hutoka mchango wa mwajiri wa bima na uzeeni, kisha mchango wa mfanyakazi, kisha kodi. Kinachofika mkononi ni kidogo zaidi, na chatofautiana sana nchi hata nchi.

Hata hivyo makato hayo yana faida yake, kwa sababu yanaonyesha kwamba mtu ameajiriwa. Iko mifuko mingine inayotoa posho tu, na kumwita mtafiti mgeni au mfadhiliwa. Mwenye posho aweza kukosa malipo ya uzeeni na likizo ya uzazi, ingawa anafanya kazi ileile, meza ileile, na mwenzake aliyeajiriwa.

WALIOINGIA CHAMA CHA WATENGENEZA MAGARI

Juu ya swali hili la nani ni mfanyakazi, habari ya California inafaa kujulikana na kila mwanachama. Watafiti wa aina hii katika Chuo Kikuu cha California, chenye matawi 10, waliunda chama chao mwaka 2008. Hawakwenda kwa maprofesa. Walijiunga na UAW, chama cha watengeneza magari kilichozaliwa Detroit mwaka 1935. Mkataba wao wa kwanza ulipatikana mwaka 2010, na ndani yake wamo wote, wa mshahara na wa posho za mifuko ya nje.

Tarehe 14 Novemba 2022 waligoma pamoja na wafanyakazi wengine wa elimu wa chuo hicho, jumla yao wakiwa kama 48,000. Wengi wa watafiti hao ni wageni ambao kibali chao cha kuishi Marekani kimefungwa kwenye kazi yenyewe. Mtu wa namna hiyo akifukuzwa hapotezi mshahara tu, hupoteza na haki ya kukaa nchini. Hata hivyo walitoka. Mwezi Desemba walipitisha mkataba mpya: mishahara ya chini ilipanda, likizo ya uzazi ikawa majuma 8 kwa malipo kamili, na ajira ya kwanza ikawekwa miaka 2 badala ya mmoja, isipokuwa katika hali chache. Kisha wenzao waliokuwa bado hawajapata mkataba waliendelea na mgomo mpaka karibu na Krismasi.

KWA WALIO NYUMBANI

Si lazima kila mtu aende ng'ambo. Mpango uitwao CARTA, ulioanza mwaka 2008 chini ya kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu kilichoko Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, unaunganisha vyuo kadha vya Afrika, Makerere kikiwamo, na husaidia pia wale waliokwisha pata udaktari.

Aliye na kazi ya kufundisha hapa nchini asiondoke kabla ya kupata ruhusa ya likizo kwa maandishi, yenye tarehe ya kurudi na inayosema kwamba nafasi yake italindwa. Neno la mdomo la mkuu wa idara halitoshi. Mkuu aweza kubadilishwa kabla ya miaka miwili kwisha. Barua za walimu wa kumshuhudia ziombwe miezi miwili au mitatu mbele. Kwa mfuko wa Marie Curie siku ya mwisho imekuwa mwezi Septemba, kwa hiyo anayeanza kumtafuta profesa mwezi Agosti amechelewa.

Na mzazi akiona mtu amefika nyumbani akidai fedha za "kufungua faili" ili mtoto apate nafasi hiyo, ajue kwamba mfuko huo hautozi ada yoyote ya maombi.