Deni la Mwenye Nyumba Humwangukia Mpangaji

Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii twaijua sote, nasi kwa kawaida humfikiria yule aliyekopa. Lakini mijini mwetu wako watu waingiao matangani pasipo kualikwa harusini, nao ni wapangaji.

Tuutazame mji wa Ariwara, katika wilaya ya Aru, kaskazini ya Ituri. Mji huu uko karibu na mpaka wa Uganda, na riziki yake ni soko. Shilingi za Uganda hupokelewa humo pamoja na faranga na dola. Mchuuzi huhitaji mtaji, na mali yake kubwa mara nyingi ni nyumba. Basi huiweka rehani.

Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mwenye kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Rehani iliyo halali huandikwa juu ya cheti hicho. Lakini wengi hawanacho. Wana karatasi ya mauzo tu, nayo haiwatoshi watu wa benki. Kwa hiyo humwendea mkopeshaji wa mtaani, ambaye Wakongo humwita Banque Lambert. Huyu huhesabu faida kwa mwezi, wala si kwa mwaka, naye hushika karatasi za nyumba mpaka alipwe.

Tuseme mtu amekopa dola 1,000 kwa faida ya 20 kwa mia kila mwezi. Miezi 5 ikipita pasipo kulipa, faida peke yake ni dola 1,000, na deni limekuwa mara mbili. Bidhaa zikiharibika njiani, au mpaka ukifungwa kama ulivyofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, atalipa kwa nini? Nyumba huuzwa upesi, kwa bei ya mwenye shida.

Je, ndani ya nyumba hiyo yumo nani? Mara nyingi mna jamaa tatu au nne, kila moja na chumba chake. Wamelipa kodi yao bila kuchelewa. Siku moja mgeni hubisha hodi na kusema, “Nyumba hii ni yangu.” Garanti waliyotoa walipoingia imekwisha kuliwa na mwenye nyumba wa kwanza, na yule wa pili hataki kuisikia habari yake. Jamaa hizo zote hutafuta vyumba katika juma moja. Wenye nyumba wengine, wakiona wengi wanatafuta, hupandisha kodi, na jirani atakaye kuuza kiwanja chake huambiwa, “Ile ya pale imeuzwa rahisi, kwa nini yako iwe ghali?” Hivyo deni la mtu mmoja hutembea mtaa mzima.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Marekani, benki zilipouza nyumba nyingi za wadeni katika mwaka 2008 na iliyofuata, wapangaji wengi walifukuzwa ijapokuwa hawakudaiwa hata senti. Mwaka 2009 ikatungwa sheria ya kuwapa siku 90 kabla ya kutoka. Ilikoma mwisho wa mwaka 2014, ikarudishwa mwaka 2018. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yaamuru kwamba benki, kabla ya kuuza, itoe taarifa ya siku 40, na nakala yake apewe mume au mke wa mdeni, na mpangaji pia. Kwa jirani zetu wa Uganda, sheria ya rehani ya mwaka 2009 humpa mdeni siku 45 za kazi ajirekebishe, kisha siku 21 nyingine za kazi kabla ya mauzo. Lakini karatasi iliyofungiwa sandukuni mwa mkopeshaji wa mtaani haihesabiwi siku na mtu yeyote.

Basi yatupasa kufanya nini? Mpangaji asilipe garanti kabla ya kuuliza: Nyumba hii ina deni? Karatasi zake ziko wapi? Na asitoe nyingi mno: sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 yakataza garanti ipitayo kodi ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Mapatano yaandikwe, yawe na tarehe na sahihi, na kila malipo yawe na stakabadhi. Asiye na karatasi, atamwonyesha nini mwenye nyumba mpya?

Nanyi baba wenye nyumba, msitie sahihi ya rehani pasipo mama watoto kujua. Kabla ya kukopa, hesabuni jumla ya faida ya mwaka mzima, wala si ya mwezi mmoja. Na deni likiwashinda, waambieni wapangaji mapema. Miezi miwili ya kujitayarisha haiwapunguzii ninyi kitu, lakini kwa mama mwenye watoto wa shule ni msaada mkubwa.