Mtunza Bohari Ndani ya Kompyuta

Askari akitaka viatu vipya haingii ndani ya bohari na kujichukulia. Humwomba mtunza bohari, naye hutazama daftari, hutoa jozi moja na kupunguza hesabu. Ndivyo zifanyavyo kazi lugha za kuandikia programu ambazo hupanga mambo kwa vitu, Java ikiwa mojawapo. Kila kitu ndani ya programu hubeba habari zake pamoja na kazi zake, na kwa kawaida haruhusiwi mwingine kuzigusa habari hizo ila kwa kumwomba mwenyewe.

Asili yake ni mji wa Oslo, Norwe. Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, ambao wote wawili walipata kufanya kazi katika taasisi ya utafiti ya jeshi la nchi yao, walitaka kompyuta iweze kuigiza mambo ya duniani, mathalani foleni ya wateja mbele ya makarani. Badala ya kuandika mfululizo wa amri tupu, walimfanya kila mteja na kila karani kuwa kitu chenye tabia yake. Lugha yao, Simula 67, ilileta pia urithi. Dereva wa jeshi ni askari kwanza, mwenye jina, namba na cheo. Huongezewa leseni tu, wala haandikwi upya tangu mwanzo.

Mbegu hiyo ya Oslo imefika Bujumbura kwa njia ya tiba. Wizara ya Afya hukusanya hesabu za wagonjwa kwa programu ya DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na sehemu yake ya kutunza hesabu imeandikwa kwa Java. Ndani yake kila kituo cha afya ni kitu, nacho kinajua kiko chini ya nani.

Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilifanywa 5, na komini 119 zikawa 42. Katika daftari la karatasi, karani angenakili kurasa zote upya. Akiruka mstari mmoja tu, watoto wenye malaria wa Buyenzi wangehesabiwa kwingine. Katika programu ya namna hii kituo hubaki kile kile pamoja na hesabu zake za miaka iliyopita. Kinachobadilishwa ni jina la mkubwa wake.

Namba yenyewe, walakini, huandikwa na muuguzi wa zamu. Akiandika 12 palipokuwa na watoto 21, programu itaitunza 12 kwa uaminifu ule ule, na dawa zitapakiwa kwa watoto 12.